Kukatwa saratani ya ngozi na kurudi nyumbani jioni

Dada mmoja wa Msabaha, karibu na Malindi, ameniuliza swali ambalo naamini linawasumbua wengi. Kakake, mwenye ualbino, ana kidonda juu ya sikio ambacho kimekataa kupona tangu masika. Daktari ameamua kikatwe, na kusema kijana ataingia asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Jirani naye anaapa kwamba kansa ikiguswa na kisu huenea mwili mzima. Je, amwamini nani?

Amwamini daktari. Wengi wetu hufika hospitalini wakati ugonjwa umekwisha kula sikio na kuingia kwenye tezi za shingo. Mgonjwa kama huyo akikatwa kisha azidiwe, lawama huangukia kisu, ilhali saratani ilikuwa imeenea kitambo.

Wala wenye ngozi nyeusi tusijidanganye kwamba haya hayatuhusu. Saratani huweza kuota katika kovu la kale la moto, au katika kidonda cha mguu kilichokaa miaka. Nyingine huanza kama doa jeusi kwenye wayo au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka wa 1981 akiwa na miaka 36 tu, yake ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Kwa kidonda kidogo, kwa kawaida hulazwi usingizi. Unadungwa ganzi mahali penyewe, kwa hiyo mara nyingi unaruhusiwa kunywa chai yako asubuhi, ila ukiambiwa vingine. Vaa shati la vifungo, usije ukalivuta juu ya bendeji. Mweleze daktari kama una kisukari, presha, mimba, au unameza asprini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Ile sindano ya ganzi, sitakuficha, inachoma. Ni dakika chache tu, kisha mahali pale panakufa ganzi. Baadaye utahisi kuvutwa na kusukumwa, lakini si uchungu. Ukihisi uchungu sema, utaongezwa ganzi. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua usishtuke, ni mishipa midogo inafungwa kwa moto wa umeme. Daktari hakati kidonda peke yake bali pia ukingo wa ngozi nzima unaokizunguka, milimita 4 au zaidi. Ndiyo maana mshono huwa mrefu kuliko kidonda kilivyokuwa, na watu wakaudhika bure wakidhani wamekatwa ovyo. Pengo likiwa kubwa, huzibwa kwa kipande cha ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Kazi ndogo huchukua nusu saa hadi saa moja. Penye ugumu, kama kwenye kope au pua, huenda ukaelekezwa Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Malindi. Basi nauli ya watu wawili iwekwe mapema, maana si vyema kurudi peke yako kwenye matatu.

Nyumbani, bendeji isiloe siku mbili za mwanzo. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 15 mfululizo bila kuchungulia. Isipokoma, rudi hospitalini. Usipake majivu wala dawa ya meno. Mvuvi asiingie baharini, na mama asibebe mtungi, hadi nyuzi zitolewe: usoni baada ya juma moja hivi, mgongoni na miguuni hata majuma mawili. Wekundu unaosambaa, usaha au homa ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Kile kipande kilichokatwa hutiwa katika kichupa chenye dawa na kupelekwa maabara, na pengine jamaa ndiye hukabidhiwa akipeleke. Usiimwage ile dawa, na uliza mapema ada ya maabara ni ngapi. Majibu huweza kuchukua majuma kadhaa. Kufikia hapo kidonda kimefunga, mgonjwa yuko shambani, na hakuna anayekumbuka kurudi. Ilhali karatasi ile ndiyo itakayosema kama ni saratani kweli, ni ya aina gani, na kama kingo zilikuwa safi. Kingo zisipokuwa safi, mzizi umebaki ndani, na kijana lazima akatwe tena hata kama kovu linapendeza. Kabla hamjatoka pale hospitalini, ulizeni tarehe ya majibu na nambari ya simu ya kliniki, mziandike.

Baada ya hapo kijana achunguzwe ngozi yote na tezi za shingo kila baada ya miezi michache, kwa kuwa aliyeota moja huweza kuota nyingine. Aulizie pia mafuta ya kukinga jua kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na ile kofia ya besiboli wanayoipenda vijana, dada, mbadilishie. Inafunika paji la uso na kuyaacha masikio juani.