Safari Ikiisha, Mchezo Ni Mali ya Nani?

Kila mara kikundi cha Waafrika kinapokwenda Ulaya kuonyesha mchezo wa kuimba na kucheza, sisi wananchi hupiga makofi. Kikirudi na sifa, twapiga makofi mara ya pili. Baada ya hapo hatuulizi tena. Hatuulizi nota za muziki zimewekwa wapi, wala hatuulizi kama waliokuwa wakiimba kila usiku wanakula nini sasa, wala kama watoto wetu watauona mchezo ule hata siku moja. Sisi twasema kwamba swali hilo ni kubwa kuliko makofi yote, na leo twataka kulijadili waziwazi mbele ya wasomaji wetu.

Tutachukua mfano mmoja ambao yampasa kila Mwafrika anayependa heshima ya bara lake aujue. Ni mchezo ulioitwa King Kong, uliotoka Johannesburg. Ulifunguliwa tarehe 2 Februari, 1959, katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa sababu pale ndipo ilipowezekana Mwafrika na Mzungu kuketi chini ya dari moja kuutazama. Habari yake ilikuwa ya kweli: Ezekiel Dlamini, mpiga ngumi wa uzito wa juu, aliyepanda juu kwa sifa katika mitaa ya Waafrika, kisha akaanguka. Alimwua mpenzi wake, akafungwa, na mwaka 1957 akafa maji angali mfungwa. Muziki ulitungwa na Bwana Todd Matshikiza. Bwana Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers alikuwa ndiye mpiga ngumi, na Bibi Miriam Makeba alikuwa Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Katika bendi alikuwamo kijana Hugh Masekela na tarumbeta yake. Bwana Nelson Mandela, ambaye siku hizo alikuwa akishitakiwa kwa uhaini, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria.

Fikirini hali ya nchi ile wakati huo. Sophiatown ilikuwa inabomolewa, watu wakihamishwa kwa malori na bunduki. Mwafrika hakuweza kutembea bila pasi mfukoni. Na katika hali hiyo Waafrika wakasimama jukwaani wakauonyesha ulimwengu maisha yao wenyewe, kwa sauti zao wenyewe, wala si kama vichekesho vya kumfurahisha bwana mkubwa. Hiyo ilikuwa siasa, hata kama hapakutajwa chama chochote.

Tarehe 23 Februari, 1961, mchezo huo ukafunguliwa London, katika jumba la Princes, ukiletwa na tajiri wa michezo aliyeitwa Jack Hylton. Hazikupita wiki nne, na katika mji huohuo wa London, mkutano wa mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola ukaibana serikali ya Makaburu hata ikaondoa ombi lake la kubaki katika Jumuiya. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameandika katika gazeti la Observer mwezi huohuo wa Machi kwamba Tanganyika isingeweza kuingia katika Jumuiya ambayo Afrika Kusini imo. Basi jioni watu wa London walisikia Waafrika wakiimba, na asubuhi walisoma hoja ya Waafrika gazetini. Mambo hayo mawili yalisaidiana.

Sasa twauliza: safari ilipoisha, kulikuwa na nini?

Wachezaji wengine walirudi nyumbani, wengine wakabaki Uingereza. Bwana Mdledle na baadhi ya wenzake wa Manhattan Brothers walibaki. Bwana Matshikiza alikuwa amekwisha kuhamia London mwaka 1960. Baadaye akaenda Zambia, na akafia Lusaka mwaka 1968, bila kuiona Johannesburg iliyo huru. Bibi Makeba hakuwamo katika safari ya London, maana alikuwa ameondoka mwaka 1959. Mwaka 1960 mama yake alipofariki, alitaka kurudi kumzika, akaambiwa kwamba pasipoti yake imefutwa. Ni Mwalimu Nyerere aliyempa pasipoti ya nchi yetu, na jambo hilo twajivunia hadi leo. Alirudi kwao mwaka 1990, baada ya miaka 31.

Basi mchezo ulipokwisha haukuwa na mahali pa kurudi. Watu waliouimba walikuwa wametawanyika, na nchi iliyouzaa ilikuwa gereza. Kilichobaki ni sahani za santuri, moja ya wachezaji wa Johannesburg na nyingine ya wachezaji wa London, pamoja na kitabu cha maneno kilichochapwa mwaka 1961. Ulijaribiwa tena mwaka 1979 huko Afrika Kusini, haukudumu.

Wako watakaosema kwamba kosa lote ni la Makaburu, na kwamba hapana zaidi la kuzungumza. Sisi hatukubali. Makaburu wana dhambi yao, na historia imekwisha kuwahukumu. Lakini liko jambo jingine. Tazameni nani walikuwa mezani wakati wa kupanga. Mwandishi wa kisa alikuwa Harry Bloom, mtunzi wa maneno ya nyimbo Pat Williams, mwongozaji Leon Gluckman, msimamizi wa muziki Stanley Glasser. Hao wote walikuwa Wazungu. Hatuwatukani, walikuwa watu wenye moyo, na katika nchi ile ilihitaji ushujaa Mzungu kufanya kazi bega kwa bega na Mwafrika. Lakini ukweli ni ukweli: ukimwondoa Bwana Matshikiza, Waafrika walikuwa wa kuimba, kucheza na kupiga muziki, na wengine walikuwa wa kupanga. Hata Bwana Matshikiza mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alieleza uchungu wake kuona jinsi muziki wake ulivyobadilika ulipopita mikononi mwa watengenezaji wengine.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwenye sauti peke yake, mchezo ukiisha, huondoka na sauti yake. Mwenye karatasi huondoka na mchezo. Anayetaka kuuonyesha tena baada ya miaka 20 hamwendei mwimbaji kumwomba ruhusa. Anamwendea mwenye karatasi. Mwimbaji aliyeujaza ukumbi kwa miezi mingi hupata mshahara wa wiki, kisha kwaheri. Je, huo si mtindo uleule wa pamba na katani? Sisi twalima, mwingine anauza, na bei hatuijui.

Tulinganishe na mchezo mwingine wa nchi hiyohiyo. Sarafina! wa Bwana Mbongeni Ngema ulianza mwaka 1987 katika Market Theatre, Johannesburg, ukisimulia wanafunzi wa Soweto walioasi mwaka 1976. Mwaka uleule ukaenda New York, na kuanzia Januari 1988 hadi Julai 1989 ukachezwa Broadway. Lakini haukufa pale. Mwaka 1992 ukatengenezwa filamu, na Leleti Khumalo yuleyule aliyeucheza jukwaani akaucheza katika filamu. Leo mtoto wa Dar es Salaam au wa Kisumu ambaye hajawahi kuliona jukwaa la New York anamjua Sarafina. Tofauti ni nini? Mwaka 1987 Mwafrika ndiye aliyekuwa mwandishi na mwongozaji. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na mlango wa pili ulipofunguliwa aliweza kupita.

Huenda mtu akatuambia: kila mchezo una wakati wake, uache ufe, vijana watunge mpya. Maneno hayo yana sura ya hekima, lakini tuyapime. Waingereza hawakumwacha Shakespeare afe. Amelala kaburini tangu 1616, nao wanamfundisha kila mtoto wao, na walipotutawala wakawafundisha hata watoto wetu. Hawakusema wakati wake umepita. Walijua kwamba taifa linalocheza michezo yake ya zamani linawafundisha vijana wake kuandika mipya. Asiyejua baba yake alijenga vipi, kila siku ataanza na msingi.

Wengine watasema mchezo ule haukufa, kwa kuwa ulizaa Makeba na Masekela, na hao waliimba duniani kote. Ni kweli, nasi twashukuru. Bibi Makeba alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 akaishitaki serikali ya nchi yake, hata ikazipiga marufuku rekodi zake. Lakini hao ni wawili waliobahatika kuwa na nyota. Wale makumi wengine waliosimama nyuma yao katika safu ya waimbaji, nani anawajua? Taifa halijengwi kwa kuwahesabu wale tu ambao Amerika imewapenda.

Mwaka 2017 King Kong uliamka tena. Jumba la Fugard mjini Cape Town liliuonyesha, kisha ukapelekwa Johannesburg, na watu wakafurika kuuona. Twafurahi kwa hilo. Lakini ilipita miaka 58, na wengi wa wale wa kwanza walikuwa wamekufa. Na jumba lenyewe la Fugard lilifungwa moja kwa moja mwaka 2021. Basi mchezo umebaki tena unatafuta nyumba. Sheria ya hakimiliki ya Afrika Kusini ya mwaka 1978 huulinda muziki kwa miaka 50 baada ya kufa mtunzi. Kwa muziki wa Bwana Matshikiza muda huo umekwisha pita. Maneno ya nyimbo na kisa vina waandishi wao na hesabu yao. Sasa ulinzi uliobaki kwa kazi ya mzee yule ni mmoja tu, nao ni kuchezwa na watu wake.

Tukigeukia kwetu, tusijione bora. Tunacho chuo cha sanaa Bagamoyo, chenye sifa ya siku nyingi, lakini jumba lake la michezo liliungua mwaka 2002, na kulijenga upya tulihitaji msaada wa Wasweden. Tuna vikundi vinavyokwenda ng'ambo kila mwaka. Vingapi vimeandika kazi yao kwa nota na maneno? Vingapi vina mkataba unaosema mchezaji atapata nini mchezo ukichezwa mara ya pili bila yeye?

Basi sisi twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mamilioni. La kwanza, pasiwe na kikundi kitakachosaidiwa na fedha ya wananchi kwenda ng'ambo kabla hakijaweka nakala kamili ya mchezo wake, maneno, nota na picha, katika hifadhi ya taifa. La pili, mkataba wa kila mwimbaji, mcheza ngoma na mpiga muziki utaje fungu lake katika rekodi, filamu na maonyesho ya baadaye. Lisiwe jambo la huruma. La tatu, mchezo ukirudi kutoka ng'ambo, uzungushwe mikoani kwanza, Mtwara, Kigoma, Mwanza, kwa kiingilio ambacho mkulima anaweza kulipa, ndipo uitwe umemaliza safari. La nne, shule na vyuo vyetu kila mwaka vicheze mchezo mmoja wa Kiafrika wa zamani, wa kwetu au wa jirani zetu. Na King Kong uwe mmojawapo, maana nchi iliyompa Bibi Makeba pasipoti ina haki ya kuujua mchezo aliouimba kabla hajafukuzwa kwao.

Ndugu wananchi, tulipopigania Uhuru tulisema kwamba ardhi ni yetu. Tulisema kwamba madini ni yetu na bandari ni zetu. Tulisahau kusema kwamba nyimbo ni zetu, kwa kuwa tulidhani hakuna awezaye kuziiba. Vijana wetu wanaotunga leo wasikilize: andikeni kazi zenu, ziwekeni sahihi, na someni mkataba hadi mstari wa mwisho kabla ya kupanda ndege. Na viongozi wetu tuwaambie bila hofu: mchezo wa taifa unahitaji nyumba ya kurudia.