AFYA NYUMBANI: Acheni Watoto Wakimbie

Juma hili tuseme juu ya kitu kisichouzwa dukani, nacho ni mbio za watoto. Najua wengine watacheka. Mzazi wa shamba ataniambia, "Wangu hatulii hata wakati wa kula, nawe wataka akimbie zaidi?" Hewala, kama wako ni wa namna hiyo, mshukuru Mungu. Lakini mambo yanabadilika hata vijijini. Huyu apelekwa shule kwa pikipiki kila siku; yule ameacha mpira wa matambara kwa sababu jioni kuna simu ya kaka. Mwingine amepelekwa mjini kukaa kwa shangazi, akirudi Noeli mashavu yamejaa, na bibi zake wanapiga vigelegele: mtoto amenawiri!

Hapo ndipo pa kuangalia, maana kunenepa si kunawiri siku zote.

Tukila ugali, wali au viazi, tumbo huvigeuza kuwa sukari, na damu huichukua. Sukari hiyo si adui, ndiyo kuni za mwili. Lakini kuni hazifai kitu zikibaki njiani, sharti zifike jikoni, yaani ndani ya misuli. Ufunguo wa mlango ni insulini, itokayo katika kongosho. Basi misuli ina jambo la ajabu: mtoto anapokimbia au kuruka kamba, misuli hujifungulia mlango hata insulini ikiwa kidogo, ikaivuta sukari yenyewe. Tena mchezo ukiisha, huendelea kuisikia insulini vizuri kwa saa nyingi.

Sasa mtazame mtoto akaaye kitako mchana kutwa, naye anapewa soda na biskuti. (Chupa moja ya soda ya kawaida, ile ya mililita 350, ina sukari ya vijiko vya chai tisa hivi. Nani kati yetu angetia vijiko tisa katika kikombe cha mtoto?) Kuni zinazidi, ghala zinajaa, mafuta yanaingia hata katika ini. Insulini inabisha hodi, misuli haiitikii. Kongosho hutoa insulini nyingi zaidi na zaidi, mwishowe huchoka. Hiyo ndiyo njia ya ule ugonjwa wa kisukari uliodhaniwa zamani kuwa wa watu wazima tu, na siku hizi madaktari wanauona hata kwa vijana. Nao huja kimya kimya. Kwa miaka mingi mtoto hasemi anaumwa popote.

Kipimo chake je? Mwaka 2020 Shirika la Afya la Dunia lilisema kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 yampasa kupata, kwa wastani, dakika 60 kila siku za mchezo, mwendo au kazi ya kumfanya atwete. Si lazima zifuatane. Kwenda shule kwa haraka na kurudi, kombolela, rede, kuchunga mbuzi wakorofi, vyote vyahesabiwa. Huko Kenya, watafiti waliwavalisha watoto wa shule wa Nandi, wa shamba na wa mjini, kifaa kidogo kinachohesabu mwendo wa mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wa shamba walikuwa wepesi wa kujituma kuliko wenzao wa mjini, na miili yao haikuwa na mafuta mengi. Ile njia ya shule tunayoiita taabu, kumbe nayo ni dawa.

Lakini mtu asinielewe vibaya. Sisemi mtoto abebeshwe ndoo iliyomzidi nguvu, wala atembee maili nyingi na tumbo tupu. Apate uji kwanza. Mtoto mwenye njaa hahitaji mbio, ahitaji chakula.

Neno moja kwa akina baba hasa. Shirika hilo hilo lilitoa hesabu ya wanafunzi wa miaka 11 mpaka 17 katika nchi 146. Mwaka 2016, wavulana 78 katika kila 100 hawakufikia kipimo, na wasichana 85. Sababu za dunia nzima ni nyingi, lakini ya nyumbani kwetu twaijua. Msichana akifika miaka kumi na miwili huitwa jikoni, kaka yake akabaki uwanjani mpaka jua lizame. Kutwanga na kuteka maji ni kazi ya mwili kweli. Kuchambua mchele na kuosha vyombo umekaa, sivyo. Mvulana aoshe vyombo siku tatu za juma, dada yake akaruke kamba. Mikono yake haitavunjika.

Mwisho, kuna kisukari kingine ambacho hakiletwi na uvivu wala soda, nacho humpata hata mtoto mwembamba mwenye mbio. Ukiona mtoto ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara nyingi, ameanza tena kulowesha kitanda, na anakonda ingawa anakula, usiseme ni malaria, wala usitafute mchawi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anatapika au anahema kwa nguvu, hata usiku. Omba wampime sukari ya damu, na msiondoke kabla hawajapima.