Neno la Mhariri: Onyo Limo, Msiba Haumo

Novemba 2004 kampuni ya Reprise ilitoa mkusanyiko wa nyimbo 16 za Neil Young na kuupa jina lile lile linalopewa mikusanyiko yote ya aina hii, Greatest Hits. Mwanaroki huyu mzaliwa wa Toronto alikuwa ametimiza miaka 59 mwezi huo huo. Wasanii wengi hukwepa kusema nyimbo zao bora zilipatikanaje. Young alieleza waziwazi: zilichaguliwa kwa kuangalia mauzo ya santuri, kuchezwa redioni na kupakuliwa mtandaoni. Kwa hiyo waliochagua ni wanunuzi na watangazaji, naye akaweka sahihi.

Toleo hili lote ni la kuchambua mikusanyiko. Nimeanza na huu kwa sababu umesema kweli kuhusu kipimo chake, na bado picha ya mtu inayotoka humo ni ya uongo.

Tazama miaka. Katika nyimbo 16, 11 zilitoka kati ya 1969 na 1972. Baada ya hapo mkusanyiko unaruka hadi 1977, unaokota wimbo mmoja mmoja hadi 1979, unaruka tena miaka kumi kufika 1989, kisha unafunga duka 1992 kwa "Harvest Moon". Miaka 12 iliyofuata, ambayo Young alirekodi bila kupumzika, haina hata wimbo mmoja. Mgeni akiusikiliza atadhani huyu ni kijana aliyeimba kwa miaka minne, akawa anapita mara moja moja kusalimia.

Pengo linaloniuma zaidi ni lile la 1973 hadi 1975. Mwaka 1972 albamu ya Harvest iliongoza kwa mauzo Marekani, na "Heart of Gold" ukawa wimbo wake pekee kushika namba moja kwenye chati ya nchi hiyo. Novemba mwaka huo Danny Whitten, mpiga gitaa wa bendi yake ya Crazy Horse, alikufa kwa kuzidisha dawa. Miezi michache baadaye mhudumu wa vyombo vyao, Bruce Berry, akafa kwa heroini. Young aliingia studio 1973 na waliobaki, wakarekodi Tonight's the Night: sauti inapasuka, ala zinapishana, na hakuna aliyejaribu kurekebisha. Ni matanga yaliyorekodiwa. Albamu hiyo ilitoka 1975. On the Beach, ya 1974, ilikaa hadi 2003 ndipo ikatoka kwenye CD. Kitu kisichouzwa madukani kitapataje kura za mauzo?

Sasa angalia kilichoingia. "The Needle and the Damage Done", wimbo wa kuonya kuhusu heroini ambao Young aliutunga akimfikiria Whitten angali hai, umo. Albamu aliyomlilia baada ya kifo haina hata wimbo mmoja humo. Onyo lilipendwa redioni; msiba haukupendwa. Hesabu za mauzo haziwezi kujua kwamba vitu hivyo viwili ni hadithi moja.

Miaka ya themanini nayo imefutwa karibu yote. Albamu ya Trans, ambamo Young aliipitisha sauti yake kwenye mashine hadi ikasikika kama ya roboti, wengi waliicheka. Baadaye alieleza kwamba ilihusu jitihada za kuwasiliana na mwanawe, mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hakuweza kuzungumza. Mwaka 1983 kampuni yake ya wakati huo, ya David Geffen, ilimshtaki ikidai dola milioni 3.3 kwa madai kwamba muziki wake haukuwa wa kuuzika na haukufanana na wa Neil Young wa zamani. Kesi iliisha kwa mapatano, na Geffen aliomba radhi. Lakini ukiusoma mkusanyiko wa 2004 kwa makini, utaona kwamba madai ya ile kesi yameshinda kimyakimya: Neil Young anayekubalika ni yule anayefanana na wa 1972.

Ipo njia nyingine, na aliyeionyesha ni yeye mwenyewe. Mwaka 1977 alitoa Decade, santuri tatu zenye nyimbo 35, alizochagua kwa mkono wake na kuandikia maelezo. Nyimbo kadhaa hazikuwa zimewahi kutoka. Za On the Beach zimo, za Tonight's the Night zimo. Kuhusu "Heart of Gold" alieleza kuwa ulimweka katikati ya barabara, akachoshwa na safari hiyo, akashukia mtaroni ambako watu walikuwa wa kuvutia zaidi. "Heart of Gold" pia umo. Hakuuficha wimbo uliompa fedha. Aliuweka pale unapoeleweka.

Tusiuonee ule wa 2004. Unafunguka kwa "Down by the River" na "Cowgirl in the Sand", nyimbo ambazo pamoja zinazidi dakika 19 na hazikuwahi kuwa vibao vya chati. Kampuni yenye papara ingezikata au kuzitupa. Na "Ohio", uliorekodiwa wiki chache baada ya askari kuwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Mei 1970, hauwezi kuwa mzigo popote utakapowekwa. Nyimbo zote 16 ni nzuri. Hilo ndilo linalowapumbaza wachambuzi wetu: wanauliza kama nyimbo ni nzuri, wakijibiwa ndiyo, wanatoa nyota tano na kwenda kulala.

Kwa hiyo waandishi wa toleo hili walipewa sharti moja. Kabla ya kusifu kilichomo, waseme nani alichagua, kwa kipimo gani, na ni miaka ipi ya msanii iliyoachwa nje. Wengine walinung'unika, kwani inalazimu kusikiliza albamu nzimanzima. Walisikiliza.

Hukumu yangu kwa Young: mwenye fedha ya mkusanyiko mmoja anunue Decade. Na wewe msomaji, ukimkuta mchambuzi katika kurasa hizi aliyekwepa sharti hilo, tuandikie, tutaichapisha barua yako.