Ndege Kuukuu Zingurume Tena Mombasa

Msafiri ateremkaye katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, huwaza mizigo yake, teksi na ufuo wa bahari. Ni wachache wajuao kwamba mahali hapo, upande wa bara wa Changamwe, palikuwa kituo cha vita. Wakati huo pakiitwa Port Reitz. Wajapani walipoishambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi zilihamishia makao yake Kilindini. Tarehe 5 Mei mwaka huo, ndege aina ya Swordfish ziliruka kutoka manowari Illustrious na kuishambulia bandari ya Diego Suarez, huko Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Baadaye manowari za kubeba ndege zilipotia nanga Kilindini, ndege zake zilikuwa zikitua Port Reitz.

Swordfish ilikuwa ndege ya mabawa mawili mawili, yaliyowambwa kitambaa, na ilionekana ya kizamani hata siku hizo. Hata hivyo, huko Uingereza iko moja iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1941, ambayo imetengenezwa na kurushwa tena hadi karne hii. Huku kwetu, mtoto wa Changamwe husoma vita hivyo kitabuni kana kwamba vilipiganwa mwezini.

Pana tofauti kubwa kati ya ndege iliyosimamishwa juu ya nguzo na ndege ambayo injini yake inanguruma. Ile ya nguzoni ni sanamu. Ikikaa karibu na bahari, chumvi iliyomo hewani huila bati lake kidogo kidogo, na ndege wa angani hujenga viota katika injini yake. Lakini injini inayowashwa humlazimu fundi kuijua. Injini ya Swordfish ina silinda tisa zilizopangwa kwa mduara. Ikikaa siku nyingi bila kuwashwa, oili huteremka na kujaa katika silinda za chini. Fundi asipozungusha rafadha kwa mkono kwanza, pistoni hugonga oili isiyobanika, na chuma hupinda. Hilo ni somo zima la fizikia, na mwanafunzi aliyelishuhudia mara moja halisahau.

Yamkini msomaji atauliza: Hizo zilikuwa ndege za Waingereza, sisi zatuhusu nini? Basi na tuzitazame zetu. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa mwaka wa 1964. Katika miaka ya 1970 lilirusha ndege za kivita za jeti aina ya Strikemaster na Hunter, zikiendeshwa na vijana wa taifa changa. Ziko wapi? Ndege za Hunter ziliuzwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Za Strikemaster zikauzwa Botswana mwaka wa 1988, na baadhi yazo hatimaye zikafika Uingereza, mikononi mwa raia wapendao ndege kuukuu, ambao walizikarabati na kuzirusha. Mwanafunzi wa Kenya atakaye kusikia sauti ya jeti za kwanza za nchi yake hana budi kutafuta pasipoti. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaopinga kwamba nchi isiyotosheleza dawa hospitalini haina haki ya kuchezea vyuma vikuukuu. Hoja hii ina uzito, na ndiyo sababu sipendekezi turushe chochote angani. Kurusha ndege kuukuu ni gharama na ni hatari. Kuwasha injini ardhini, ndege ikiwa imefungwa barabara, ni jambo jingine kabisa.

Wengine watasema kwamba ndege za kivita ni kumbukumbu chungu. Ni kweli. Kuanzia mwaka wa 1953 ndege za Harvard na Lincoln za Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walimojificha wapigania uhuru. Lakini uchungu haufutwi kwa kusahau. Chombo kiwekwe, na kando yake iandikwe bila kuficha kilimfanyia nani nini.

Basi rai yangu ni hii. Kila aina ya ndege ya jeshi letu inapostaafu, moja isiuzwe. Iondolewe silaha, iletwe Mombasa, ijengewe banda karibu na uwanja huo wa zamani wa Port Reitz, na ikabidhiwe wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chini ya uangalizi wa mafundi wastaafu wa jeshi. Mafundi hao wanazeeka. Kila anayezikwa huenda na ujuzi ambao haukuandikwa katika kitabu chochote.

Nanyi walimu, msingojee banda hilo lijengwe. Katika mitaa ya Changamwe na Likoni hawakosi wazee walioyasikia masimulizi ya Port Reitz kwa baba zao. Wapelekeeni wanafunzi, na madaftari yao, kabla hatujaachiwa kimya.