Maigizo yapewe nafasi katika somo la kusoma

NI jambo la kawaida katika shule zetu za msingi kumkuta mwanafunzi akisoma aya nzima kwa sauti bila kukwama, kisha akashindwa kueleza alichokisoma. Wapo pia ambao hata kusoma kwenyewe ni mzigo. Tathmini za Uwezo za mwaka 2010 na 2011 zilionyesha kuwa takriban wanafunzi watatu tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Serikali ilijibu kwa mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili, uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, kutamka neno ni jambo moja na kulielewa ni jingine. Hapo ndipo maigizo yanapoweza kusaidia.

Tuchukulie mfano wa Chekereni, katika tambarare za mpunga kusini mwa mji wa Moshi. Huko, mtoto anaujua mgogoro wa maji ya mfereji kabla hajaujua ubao. Mwalimu akiwapa wanafunzi kifungu ambamo mkulima anaambiwa zamu yake imekwisha, naye anajibu, "Nimesikia, lakini mpunga wangu haujasikia," msomaji wa kawaida atapita tu. Anayetakiwa kuigiza hawezi kupita. Ni lazima aamue: mkulima huyu anatania, anaomba au anakaidi? Jibu atalitafuta katika sentensi zilizotangulia, na wenzake watamdai ushahidi. Huko ndiko kusoma kwa ufahamu.

Tanzania si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1996, wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha TUSEME, mpango uliowawezesha wasichana wa sekondari kueleza kwa maigizo yale yanayowakwamisha shuleni. Lengo lilikuwa kuwapa sauti, si kusoma. Lakini ulithibitisha kuwa jukwaa linaweza kuwa chombo cha kufikiri.

Kinachosikitisha ni kuwa hata tamthilia zilizosomwa sekondari kwa miaka mingi, kama Ngoswe na Kilio Chetu, mara nyingi zimegeuzwa muhtasari wa kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wapo watakaosema madarasa yamejaa na muda hautoshi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini igizo la darasani halihitaji jukwaa wala mavazi. Makundi madogo, kifungu kifupi na dakika chache vinatosha, mradi mwalimu amalizie kwa maswali ya kuandika ili asinufaike mwigizaji hodari peke yake.

Mtoto asiyezoea kuitafuta maana katika lugha anayoijua, ataitafutaje katika Kiingereza kinachomsubiri kidato cha kwanza?