Mnazi Je?

Waliokuwepo barazani Mwanakwerekwe jioni ile, nyuma ya soko, wameyasikia kwa masikio yao, kwa hivyo sitayarudia yote. Msemaji alilifasiri shairi la "Kimbunga" la malenga Haji Gora Haji kwa muda wa mabirika mawili ya kahawa, na watu wakaondoka wameridhika. Mimi sikuridhika. Mwanakwerekwe kuna mahakama, na wanaoingia humo wanajua kuwa kesi haisimami kwa sauti ya wakili. Leo mahakimu ni nyinyi.

Alianza kwa kudai kuwa shairi ni taarifa ya dhoruba ya kweli, ile ya Aprili 1872. Tumpe haki yake: dhoruba ile ilikuwepo, iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kulaza mashamba ya karafuu. Lakini ililaza na minazi. Katika shairi mibuyu ndiyo inayong'oka, minazi inanusurika. Shahidi gani huyu anayemtaja maiti kuwa ndiye aliyepona? Tena Haji Gora anakipeleka kimbunga chake Siyu, kisiwani Pate, kiasi cha nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Huko vimbunga karibu havijulikani, maana jirani na ikweta nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuupinda upepo ukawa duara. Na hata tukimsamehe jiografia, kuna chura. Chura wa shairi amekausha mto. Kuna na usufi, huu wa kutilia magodoro, uliovunja rikwama. Hayo nayo yaliletwa na upepo?

Akaongeza kwamba mshairi alikuwa mvuvi wa Tumbatu, mtu wa chuo cha Kurani tu, hivyo tusimbebeshe siasa: aliiona bahari, akaisema bahari. Uvuvi ni kweli, na ubaharia pia. Ila hoja hii inamgeukia aliyeitoa. Baharia ndiye wa mwisho kukosea wapi upepo hupiga na wapi haupigi. Akikipeleka kimbunga pasipo vimbunga, amekusudia. Na aliyekusanya Kamusi la Kitumbatu hahitaji kufundishwa neno lina tabaka ngapi. (Mitaani kwetu bibi asiyejua kusoma huchagua kanga yenye fumbo la kumchoma jirani, na jirani akachomeka. Sijasikia aliyeulizwa cheti.)

Akadai pia kuwa shairi linausema uchaguzi wa 1995 na damu iliyomwagika Januari 2001. Hapo sitakawia. Diwani ya *Kimbunga* ilichapishwa na TUKI mwaka 1994. Kama msemaji anaamini Haji Gora alitangaza matokeo kabla ya kura, basi amwite mganga, asimwite malenga.

Kisha Siyu. Alisema jina hilo limewekwa kwa ajili ya vina tu: Siyu na mibuyu zinapatana mwishoni, basi. Zinapatana, sibishi. Lakini kina humwambia malenga neno liishie vipi, hakimwambii ampeleke msomaji mji gani. Na mji huu una kumbukumbu. Miaka ya 1840 Seyyid Said, mtawala wa Unguja aliyekuwa ameshaitia mkononi Mombasa, alipeleka jeshi Siyu. Watu wa mji mdogo wakalirudisha mbio, na amiri wake Hamad bin Ahmed akauawa. Siyu haikusalimu amri mpaka 1863, zama za Seyyid Majid. Sisemi mbuyu ni Seyyid Said. Nikisema hivyo nitakuwa nimeketi kwenye kiti kilekile ninachokivunja. Nasema mji ambao mkubwa aliwahi kuangushwa na mdogo haukuokotwa njiani.

Imebaki hoja aliyoipenda kuliko zote: kwamba shairi ni Mapinduzi ya Januari 1964 kwa lugha ya siri, kila kiumbe na mtu wake. Si yeye peke yake anayelisoma hivyo, na usomaji huo una mvuto. Anayekumbuka Januari ile atazisikia nyayo zake humu. Lakini tazameni alivyojenga. Nusu saa nzima lilikuwa taarifa ya hali ya hewa, ghafla limekuwa orodha ya watu. Mbuyu ni Sultani Jamshid, aliyeondoka kwa meli tarehe 12. Chura ni wanyonge, walioumaliza mto wa wakubwa. Sawa. Alipoulizwa usufi, akajibu ni viongozi wa miaka ya baadaye walioivunja gari ya Mapinduzi. Kumbe kila ubeti na mwaka wake! Kimbunga kimoja hakipigi miaka thelathini. Fumbo likifumbuliwa kwa kubadilisha tarehe kila linapokwama, hiyo ni bahati nasibu.

Zaidi ya hapo, mapinduzi yana wenyewe: yana waliopanga, walioshinda, waliokaa kitini. Kimbunga hakina kamati. Shairi linatuonyesha walioangushwa na walionusurika, na vidogo vilivyowashinda vikubwa, lakini halimwonyeshi hata mmoja aliyeushika upepo kwa mkono. Anayetaka kumtia humo rais au sultani lazima kwanza amtafutie nafasi ambayo mshairi hakumwachia.

Mzee mmoja, muuza nazi hapo sokoni, aliuliza swali moja tu kabla ya adhana ya Isha: mibuyu tumeshaambiwa ni nani, mnazi je? Msemaji akatazama ndani ya kikombe, akaomba aongezwe kahawa. Birika lilikuwa limekwisha.