Atokaye Kwao Atoke kwa Radhi na kwa Hesabu

Kijana aliyekwisha kubaleghe na kutimiza akili, akapata kazi ya halali na ujira unaoingia kila mwezi, hana dhambi akitamani kuwa na mlango wake mwenyewe wa kufunga na kufungua. Wala mzazi wake hana haki ya kuitafsiri tamaa hiyo kuwa ni ukaidi au utovu wa adabu. Lakini ingawa kutoka nyumbani ni halali, si kila kutoka kuna heri, kwani katika mji wa Dar es Salaam, na katika miji mingine ya pwani na bara, tunawaona vijana waliohama kwa vishindo mwezi wa Januari wakirejea kimya kimya mwezi wa Julai, kodi imekwisha, godoro limeuzwa, na uso hauna pa kuutia mbele ya mama. Makusudio ya makala haya ni kuwanasihi vijana, na wazazi wao pamoja nao, kwamba mtu hutoka kwao kwa mambo mawili yasiyotengana, nayo ni radhi na hesabu. Na mwenye kushika moja akaliacha la pili, safari yake ina ila tangu mwanzo.

Katika jambo hili wazee wana hoja yao na vijana wana yao. Mzee husema mkataa kwao mtumwa, tena huuliza kwa nini mwanawe ampelekee mtu baki fedha za chumba ilhali nyumba ya baba ina nafasi. Kijana naye hujibu kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwamba hataijua thamani ya unga, mkaa na maji maadamu yupo mwingine anayevinunua asubuhi naye akiwa bado usingizini. Methali zote mbili ni za kweli, na busara ni kuzitii zote kwa wakati mmoja: kijana aende akajitegemee pasipo kuwakana watu wake. Aliyehama kwa kuwa aligombezwa juzi kwa kuchelewa kurudi, na aliyehama kwa kuwa rafiki yake amepata chumba Sinza naye hataki kuachwa nyuma, wote wawili wamechukuliwa na hamaki na ghururi, na mwenye nyumba hapokei kodi ya namna hiyo.

Na tuitazame hesabu kwanza, maana ndiyo inayopuuzwa zaidi. Desturi ya wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam ni kutaka kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali aliyekuonyesha chumba aghalabu hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Tuseme umepata chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi: kodi ya miezi 6 ni shilingi 480,000, na ukiongeza 80,000 za dalali umefika 560,000 kabla hujanunua godoro, ndoo, sufuria wala jiko. Mwenye kuweka shilingi 70,000 kila mwezi huzipata fedha hizo kwa miezi 8. Basi miezi hiyo 8 uikae hapo hapo nyumbani kwa wazazi, nawe uishi kana kwamba umekwisha hama: fedha ya kodi itoke mfukoni siku ya mshahara na isiguswe, na mchango wa chakula cha nyumba utoke pia. Ukishindwa kufanya hivyo ukiwa chini ya dari ya baba yako, hutaweza chini ya dari ya mtu mwingine. Nawe jihadhari na mikopo ya riba ipatikanayo kwa kubonyeza simu; anayekopa ili ahame ameanza maisha akiwa na wenye nyumba wawili, mmoja wa chumba na mmoja wa deni. Na ukiisha kuhamia, anza siku hiyo hiyo kuweka fedha za miezi 6 ijayo, kwa sababu kodi iliyolipwa kwa mkupuo humsahaulisha mtu kwamba itadaiwa tena.

Chumba chenyewe kikaguliwe kwa makini, tena mchana. Usitazame rangi ya ukuta, bali inama utazame chini, karibu na sakafu, kama hakuna mstari wa maji ulioachwa na mvua za masika, ambao rangi mpya hushindwa kuuficha. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoingia majumbani mwa watu katika bonde la Msimbazi hata serikali ikawahamishia wengi Mabwepande, yametosha kuwa mazingatio kwa kila anayevutwa na kodi nafuu ya bondeni. Uliza maji hutoka siku zipi, na yasipotoka hununuliwa wapi na ndoo ni kiasi gani. Uliza majirani, wala usimuulize dalali peke yake, ni nani hasa mwenye nyumba, kwani wapo matapeli waliokipangisha chumba kimoja kwa watu watatu kisha wakatoweka. Ukiridhika, andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, upewe nakala na risiti, kisha ufike ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kodi ni mali.

Ukiisha kuingia utakutana na mtihani ambao fedha haziumalizi, nao ni ujirani. Nyumba nyingi za kupanga za Magomeni, Buguruni na Tandale zimejengwa kwa mtindo wa zamani wa mjini: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye bafu na choo vya wote. Humo mita ya umeme huwa moja, na kila mpangaji hutoa mchango wake. Uniti zikikaribia kwisha, mwenye friji hudai kwamba mwenye pasi ndiye mlaji, mwenye pasi huapa kwamba hashindi nyumbani, na nyumba nzima hulala gizani kwa ajili ya shilingi elfu mbili za mtu mmoja. Ewe kijana, usiwe wewe mtu huyo. Toa mchango kabla hujaombwa. Zamu yako ya kufagia ua na kusafisha choo ikifika, amka mapema uitimize. Na muziki wako usivuke kizingiti cha mlango wako. Fimbo ya mbali haiui nyoka: siku homa itakapokushika usiku wa manane, atakayekutafutia bajaji ni yule mama wa chumba cha pili, wala si ndugu yako aliye Mbagala.

Sasa tuje kwenye radhi, ambayo ndiyo nguzo ya yote. Usihame kwa kuwavizia wazazi wakiwa matangani, ukawaachia chumba kitupu. Kaa nao kitako, waeleze unakokwenda, kodi yake na sababu yake, na wakikupa nasaha isikilize hata kama umekwisha amua. Ukiisha kuondoka, ujiwekee siku ya kwenda kuwajulia hali ambayo haivunjwi na uchovu wala starehe, na usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari zipelekwazo kila mwezi zina fadhila kubwa kuliko kitenge cha sikukuu kifuatwacho na kimya cha mwaka. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na aliyeondoka kwa heshima hurejea kwa heshima, hata arejeapo na shida.

Nanyi wazazi mnalo fungu lenu katika waadhi huu. Msimlaze mwana nyumbani hata ndevu zikaota mvi, kisha mkamlaumu kwamba hajui kununua chumvi. Na kwa binti mwenye kazi yake, msifanye mambo kana kwamba murua wake umo katika kufuli la mlango wenu. Mlimlea ili awe na hadhari popote alipo, na ikiwa mna khofu naye, nendeni mkakione chumba, mwonaneni na mwenye nyumba, mjuane na majirani zake. Mpeni sufuria mbili na mkeka, na juu ya hayo mpeni dua, asikose pa kurudi wala asiogope kubisha hodi.

Basi, kijana, kabla hujamwita dalali jiulize mambo matatu: je, fedha ya kodi nimeiweka, au naitarajia? Je, naondoka kwa ikhtiari, au kwa hasira? Je, waliojenga nyumba niliyokulia wanajua, na wameridhia? Ukijibu yote matatu kwa moyo mkunjufu, fungasha mizigo yako mchana kweupe, na Mwenyezi Mungu akuauni. Ukishindwa kujibu hata moja, ahirisha. Vyumba havitakwisha mjini, na miezi michache zaidi ya subira nyumbani kwenu haimpunguzii mtu utu wake.